Kadi za Kijapani

"Hii inasemaje?" mumewe aliuliza, akimshikia kadi mbele ya macho.

"Ne," Joyline akajibu. Akapigwa kofi.

"Na hii?"

"Mu."

Safari hii ilikuwa ngumi, na mdomo ukapasuka.

Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kwenye shamba la maua, akafika chumba chao cha Karagita, akachemsha maji ya chai na kuyaepua. Kisha akaketi kando ya jiko na kadi zake za hiragana, herufi za Kijapani. Alitaka kwenda Japani kutunza wazee. Mumewe hakujua lolote mpaka alipofungua mlango na kumkuta.

"Kumbe unapanga kuniacha? Na hizi michoro?"

"Ningekuambia nikipita mtihani."

Akazitupa kadi zote kwenye makaa. Joyline alipopeleka mkono kuziokoa, mumewe aliudaka na kuukandamiza palepale. Ulikuwa mkono wa kuandikia. Harufu ya ngozi ikapanda, kucha ya kidole gumba ikageuka nyeusi, na bado hakuwa anamwachilia. Alikuwa anamtazama usoni.

Mkono wa kushoto wa Joyline ukaifikia sufuria ya chai, maji yake bado ya moto.

Alimmwagia maji yote. Mumewe akaanguka chini, akimwita mama yake.

Joyline alitoka peku hadi barabarani, akasimamisha bodaboda.

"Wapi, mathe?"

"Mimi nipeleke polisi," alisema. "Halafu urudi kwa ule mlango uko wazi. Kuna mtu wa kupelekwa hospitali."