Chumvi ya Gabija

Baba aliishika simu juu ya jiko la gesi, kama kila jioni kabla ya kula, ili mama aliyeko Norwe aongee na moto.

Kwao anayemlisha Gabija, mama wa moto, ni mke wa nyumba, tena kwenye jiko la nyumba yake tu. Tangu aende kufanya kazi huko, mama husema maneno kwa simu, baba hurusha chumvi motoni.

"Gabija wako anakula chumvi kuliko ng'ombe," baba alitania. "Na mimi daktari kanikataza."

Mama hakucheka.

"Leo msinisubiri, baba Vaiva. Nishamlisha wa huku."

Vaiva, binti yao, alimtazama baba.

Punje za chumvi zilikuwa zimeganda kwenye jasho la kidole gumba cha baba. Alikata simu taratibu, akamgeukia Vaiva, akamnyooshea kiganja chenye chumvi.

"Haya, mama. Mlishe wewe."

Vaiva akaificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Mpigie tena," akasema.