Alama Tisa kwa Kumi

Hakimu alisoma shtaka la wizi, na Fidelis, mkalimani mwanagenzi, akalieleza kwa lugha ya alama. Mwalimu wake, Bi Rukia, alikaa nyuma yake na daftari. Kizimbani, Makanyaga fundi viatu, kiziwi tangu kuzaliwa, aliitikia kwa kichwa.

"Amekiri, mheshimiwa," Fidelis akasema.

Kalamu ya Bi Rukia ilisita. Alijua fika kwamba viziwi huitikia hivyo kusema tu: nakufuata, endelea. Lakini mwanafunzi hakosolewi mbele za watu. Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe. Akaliandika kosa kwa mwandiko mzuri, akampa alama tisa kwa kumi.

"Miaka mitatu," hakimu akasema, na askari akamtia Makanyaga pingu kabla Fidelis hajainua mkono.

Vidole vya fundi vilihangaika ndani ya chuma.

"Anasemaje, Mwalimu?"

"Anauliza zamu yake ya kusema itafika lini." Bi Rukia akafunua ukurasa mpya. "Mjibu. Nakutazama."

Fidelis akainua mikono, nayo ikabaki hewani. Makanyaga alimkazia macho, akaitikia kwa kichwa, taratibu, ili aendelee.