Akiba ya Mama Perege

Mama Perege, asiyemwamini yeyote ziwani, alificha dagaa mfu chini ya jiwe, chakula cha wanawe. Siku ya nne alikuta miba mitupu, na Bakteria wakielea juu yake.

"Wezi nyinyi! Wanangu watakufa njaa!"

"Tumemla, mama," Bakteria mmoja akakiri. "Lakini wengi wetu tuliomla wameshamezwa na Kiroboto wa Maji, yule mdudu mdogo anayetula."

Mama Perege akamsaka Kiroboto, akamkuta mdomoni mwa kitindamimba wake, miguu ikining'inia.

"Mteme huyo! Ana mali yetu tumboni!"

"Mbona viroboto hawa tunawala kila siku, mama?" Mtoto akammeza.

Mama Perege akawakagua wanawe mmoja mmoja. Wote walikuwa wamenona. Dagaa mfu aliyempata baadaye akawaachia Bakteria, ila alikaa karibu akiwachunga.