Buku Amtafuta Mwizi wa Ghala

"Mwizi ni wewe!" Panya Buku alimfokea jirani yake Kuchakulo. "Nilimwaga majivu ghalani, leo nimekuta nyayo nyepesi. Mimi ni mzito, zangu huzama."

"Karanga zako zimepungua?"

"Hazijapungua. Ndiyo maana nakushuku zaidi! Mwizi mwerevu huanza kwa kukagua."

"Haya, bwana mzito, kanyaga hapa kwenye majivu tuone."

Buku akakanyaga. Unyayo wake haukuzama. Ulifanana kabisa na zile alizozikuta. Akautazama mguu wake, akaona mifupa mitupu.

Tangu ghala la mama yake livunjwe na Kicheche, Buku alikuwa akilinda karanga zake kutwa kucha. Kwa hofu akasahau hata kula.

"Hakuna mwizi hapa," Kuchakulo alisema. "Ila ukiendelea hivi, utakufa njaa juu ya karanga zako."

Buku akalia. Kuanzia siku hiyo wakawa wanakula pamoja, kidogo asubuhi, kidogo jioni, kwa sababu tumbo lililosinyaa halishindiliwi. Polepole mwili wake ukarudi.

Lakini alipopata nguvu, shaka nayo ikapata nguvu. Akaanza kumtazama Kuchakulo kila anapomeza. Asubuhi moja, saa ya kula ilipofika, akajifungia ndani na karanga zake, asiziguse.

Kuchakulo hakukasirika. Alibisha hodi, akasubiri, kisha akasema pale mlangoni: "Nishuku tu, jirani, lakini nishuku huku unatafuna."