Mlenda Waingia Daftarini

Ujumbe ulipofika kwamba mlenda, ile mboga ya majani inayovutika, umeingia katika Daftari la Vyakula, Nyemo alipiga magoti jikoni akamshukuru Mungu. Kwa miaka sita jiko lilikuwa halikubali kuwaka kwa chakula ambacho virutubisho vyake havijapimwa na kuandikwa humo, na kwa miaka sita mama yake alikuwa akiuulizia mlenda kama mtu anayemuulizia ndugu aliyesafiri.

Leo jiko liliwaka. Nyemo alikoroga huku akicheka peke yake, na mlenda ukavutika vizuri kabisa.

Mama akaonja. “Magadi hayajakolea, mwanangu.” Akachota kwa vidole, akatia.

Jiko likazimika. “Chakula hiki hakimo daftarini,” likasema kwa adabu.

“Mama, watu wa maabara walipokuja kuupima mlenda wako, uliwaambia magadi kiasi gani?”

“Waliniuliza, nikawajibu kidogo. Mpishi gani asiyejua kidogo ni kiasi gani?”

Wakamwaga, wakapika upya kwa kipimo cha daftari. Binti yake Nyemo, ambaye hakuwahi kuuonja mlenda, alimaliza sahani akaomba tena.

“Bibi, kumbe mlenda ndio huu? Mtamu sana.”

Bibi aliutazama mlenda wake usiokolea magadi, ambao hakuwa ameugusa. “Ndio huu,” akasema, akammiminia na wa sahani yake.