Maksi ya Meneja

"Mwalimu Gharibu hatoki humu ndani mpaka anijibu!"

Amri alikwisha kaa kitako kizingitini, miguu kaitandaza, kamusi nene mapajani. Ua ulikuwa umefurika. Watu walikuja Mohoro kumsindikiza Mwalimu, wengine kutoka Utete, wengine Kibiti, hao wamevuka daraja la Ndundu tangu alfajiri. Lakini nani amtoe Amri mlangoni? Hakuna aliyethubutu.

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Miaka thelathini na moja nyuma, kidato cha pili, Amri aliandika kwa Kiingereza kwamba bibi yake analima mpunga kwenye "bank". Alimaanisha ukingo wa Rufiji, na neno alilitoa kitabuni, wala hakubahatisha. Mwalimu Gharibu akaisoma sentensi ile kwa sauti.

"Bibi yako analima benki? Anapanda dirishani au pale mlangoni kwa askari?"

Darasa likavunjika mbavu. Amri alipojaribu kueleza, alipandishwa juu ya dawati, akachapwa sita, akapewa sifuri. Tangu siku ile akawa Meneja. Shule aliiacha wiki ileile, jina lisimwache. Mnadani Meneja, msikitini Meneja. Hata siku ya ndoa yake shehe aliuliza, "Bwana harusi ndiye huyu Meneja?" Wakwe wakaangua kicheko. Naye alicheka nao, roho inamchoma.

"Sikiliza, Mwalimu!" Amri alipaza sauti kuelekea chumbani. "Ukingo wa mto, 'bank'. Kunakowekwa fedha, 'bank'. Damu ya akiba hospitalini, nayo 'bank'. Ndege ikilalia ubavu ipinde kona, 'bank' hiyohiyo! Ya mto, Waingereza waliletewa na mabaharia wa kaskazini, kwao ni tuta la udongo. Ya fedha wameichukua kwa Wataliano, ni benchi la wabadilisha fedha. Na ukifukua zaidi, mzizi wao mmoja! Ulijua hayo, wewe bingwa wa kuchapa watoto?"

Amri akawageukia watu wa uani.

"Oneni! Leo ulimi umemkauka!"

Wanawake walicheka, khanga mdomoni. Bashiru, aliyekaa naye dawati moja enzi hizo, akadakia, "Mpe na bakora, Meneja!" Ua mzima ukalipuka, na Amri akaupata utamu alioungoja zaidi ya nusu ya umri wake.

Utamu wenyewe haukudumu. Vicheko vya watu alikwisha vizoea. Alichotaka ni sauti ileile iliyompachika jina ilifute, mbele za watu walewale.

Salima, binti mkubwa wa Mwalimu, akaja akachuchumaa mbele yake. "Kaka Amri, sema unachotaka tukupe. Kuku? Kitenge?"

"Kuku wenu kaeni nao. Nataka maksi yangu. Aseme, 'Amri, umepata.' Basi."

"Mimi nakwambia, kaka. Umepata."

"Si wewe. Yeye."

Salima akainamisha kichwa. Vicheko vikakatika kimoja kimoja. Amri akaifunga kamusi, akageukia chumbani, akaita tena, safari hii bila mbwembwe.

"Mwalimu. Nimepata au nimekosa?"

Aliita mara ya pili. Aliita ya tatu, na machozi yakaanza kumtiririka mtu mzima yule, hata kuyafuta hakujali.

Shehe Sharifu akamshika bega. "Basi, mtani wangu. Haki yako ya utani umeichukua yote, hakuna wa kukulaumu. Sasa tupishe tutoe jeneza."