Kibao Kisicho na Kwao

Siku mkewe alipofariki, Fundi alirudi kutoka hospitali, akaketi kwenye meza ya jikoni, akasubiri chai. Alisubiri muda mrefu kabla hajakumbuka ni nani huwa anaipika.

Maisha yake yote alichora vibao: vya maduka, vya shule, vya barabarani. Lakini ukimwuliza leo ameandika nini, hajui. Yeye hasomi maneno. Anaangalia herufi, kama zimesimama wima, kama rangi haikuchuruzika. Aliwahi kuandika "Hakuna Njia" kwenye geti la watu, akakusanya brashi zake, akapita humo humo.

Kwa hiyo mkewe alipomwambia pale wodini, "Kaburini uniandikie na kwetu. Jina la zamani la pale nilipozaliwa. Hili jipya silitaki," Fundi aliitikia haraka haraka.

"Usijali, mama watoto. Nalijua."

Hakulijua.

"Baba! Miaka yote hiyo hukuwahi kumwuliza?" binti yao alishangaa, wiki moja baada ya mazishi.

"Nilimwuliza. Jibu ndilo sikulisikiliza."

Binti alicheka bila kutaka, akaendelea kufuta meza. Ilikuwa meza nzito, ya mwaka wa harusi. Mama yake ndiye aliyeiomba, akachagua ubao mwenyewe kati ya mbao zilizoegemea ukutani. Kona moja ilikuwa imeungua, na kila mgeni aliambiwa na Fundi kwamba hiyo ni kazi ya sufuria ya bibi harusi. Mke hakuwahi kubisha. Alikuwa tu na tabia ya kupitisha vidole chini ya meza akisubiri chungu kichemke. Fundi alidhani anatafuta misumari, akawa anajitetea: "Hiyo nimeigongelea vizuri, usiikague!"

"Jumamosi ndugu wanakuja kusimamisha kibao," binti alisema. "Nenda parokiani ukaulize, kwenye daftari la ubatizo."

Akaenda.

"Kitongoji hicho kilikuwa chetu, mzee," katibu wa parokia alimweleza. "Halafu mpaka ukasogezwa hadi mtoni, wakakichukua wenzetu wa ng'ambo."

Wa ng'ambo wakasema walikaa nacho kidogo tu, kikapewa parokia mpya ya mlimani. Na kila kilipohamishwa kiliandikwa kwa jina lingine. Wa mlimani walikuwa na jina la sasa tu, lile asilolitaka marehemu.

"Mkeo alibatizwa kabla sisi hatujakuwepo," walimwambia, kama vile kosa ni la mkewe.

Fundi aliondoka akijisemea kwamba mwanamke yule alihama parokia tatu bila kuamka kitandani, na mumewe hakuona hata moja.

Ikabidi aende kitongojini kwenyewe. Kando ya barabara aliwakuta mzee na bibi wakimenya mahindi, akawauliza jina la zamani la mahali pale. Mzee akataja moja.

"Hilo ni la bondeni, wewe!" bibi alimkatiza.

"Nimezaliwa hapa, utanifundisha?"

"Umezaliwa hapa, kukumbuka hukumbuki!" Bibi akamgeukia Fundi. "Usimsikilize huyu, baba. Na mimi pia usinisikilize, maana nina majina mawili kichwani na sijui lipi ni lipi. Jina lenyewe lilikuwa kwenye ubao wa barabarani. Hata kanisa letu la kigango lilipowaka moto, ule ulipona, ukababuka tu. Basi akaja kijana na baiskeli, akachomeka huu unaouona, ule wa zamani akaufunga nyuma akaondoka nao. Salamu hakutoa. Mjinga yule!"

"Mjinga kweli," Fundi alimuunga mkono, akatazama ubao alioonyeshwa.

Rangi ilikuwa imepauka, lakini herufi zilisimama wima. Mkia wa J ulipinda kama ndoano, na duniani ni mtu mmoja tu aliyewahi kuupinda hivyo.

Fundi alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaaga.

Nyumbani alipitiliza moja kwa moja mpaka bandani. Banda la kuku alilijenga kwa mbao kuukuu za kazini, kwa hiyo akalibomoa lote, kuku wakipiga kelele kama wanaoibiwa. Ubao kwa ubao, akakwangua kinyesi. Akapata majina ya vijiji vya mbali, ya madaraja, ya shule zilizokwisha kufungwa.

"Baba, kuku wetu wamelalia wilaya nzima," binti alisema.

"Isipokuwa kwao mama yako."

Ijumaa alikata tamaa. Angeandika jina la mkewe na miaka yake, kwao paachwe wazi, na ndugu wakiuliza angesema rangi ilimwishia. Hata ubao wa kuandikia hakuwa nao. Zile za bandani zilikuwa zimeliwa na mchwa.

"Tumpe meza," binti alisema. "Aliipenda."

Wakaitoa uani, wakaigeuza miguu juu ili wang'oe misumari.

Chini yake kulikuwa na herufi za kuchongwa, za mkono usio wa Fundi. Kingo zake zilikuwa zimelainika na kung'aa, kama kitasa cha mlango unaofunguliwa kila siku.

Fundi alipiga magoti. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasoma neno.

Ubao uko makaburini sasa, na kona yake iliyoungua. Nyumbani wanakula wamepakata sahani.